Paa la Kudanganyia Ndege

Mimi ni fundi rangi. Shule niliiachia darasa la sita, na tangu hapo nimefukuzwa kazi mara nne kwa sababu ya mdomo, si kwa sababu ya brashi. Nikiona ukuta umepigwa plasta ya ovyo nasema ni ya ovyo, hata mwenye nyumba akiwa amesimama na wageni wake.

Mwaka ninaousimulia, redio haikuwa na habari nyingine. Nchi yetu ilikuwa na mtambo wa nyuklia huko milimani. Serikali ilisema ni wa umeme, mataifa makubwa yakasema ni wa bomu. Sisi tuliokatiwa umeme kila jioni hatukuamini upande wowote. Mataifa makubwa yakatoa miezi mitatu: wafungulieni wakaguzi milango, la sivyo kwanza vikwazo, kisha ndege. Mkuu wetu akajibu kwamba hatutishiki. Yeye kweli alikuwa hatishiki, maana handaki lake lilikuwa na lifti.

Mjini kila mtu akawa jenerali. Kinyozi wangu, ambaye hawezi kuzunguka sikio bila kulikwaruza, alijua ndege zitatokea upande gani na zitabeba nini. Muuza mkaa alikuwa anapanga vita na mteja huku anampunja. Wote walikubaliana kwamba watakaopigwa ni watu wa mbali.

Ndipo ofisi moja ya mambo ya ulinzi ikawa inatafuta mafundi wa kupaka mapaa. Tukachukuliwa mimi na mwenzangu mmoja mwembamba ambaye tangu ujana tunamwita Kijiko. Tulipelekwa kwenye kiwanda cha nguo pembezoni mwa mji, kile kilichofungwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Tukapokewa na bwana mmoja wa suti aliyebana mabunda ya karatasi kwapani, asiyeyaweka chini hata akipiga chafya. Tukampa jina papo hapo: Bwana Ramani. Kwanza alitutaka tutie sahihi kwamba siri hiyo hatutamwambia mtu. Kijiko akauliza ni siri gani. Akaambiwa ataijua akishatia sahihi.

Siri yenyewe ilikuwa hii. Kiwanda kile kilikuwa kinageuzwa kuwa mtambo wa nyuklia wa bandia. Walikuwa wameezua paa lote la zamani na kuezeka mabati mapya, yaking'aa hadi macho yanatoka machozi. Juu walipanga matangi matatu ya maji ya plastiki, eti mabomba ya moshi. Nyuma walichimba mashimo ya kuchomea majani mabichi ili mvuke uonekane. Bwana Ramani akatuonyesha picha ya paa la mtambo wa kweli, lililopigwa picha kutoka juu: rangi ya kijani iliyochanganyika na majivu, na mstari mweusi katikati. Alitaka rangi hiyo hiyo, mstari huo huo, kwa siku tisa, kabla ile miezi mitatu haijaisha.

Nikamuuliza bila kuzunguka. "Kwa hiyo unataka waje kupiga hapa."

"Tunataka wapoteze mabomu yao," akasema, kama mwalimu anayemwelewesha mtoto mzito.

"Na watu wa kota?"

Akatandaza ramani juu ya boneti ya gari. Nyuma ya kiwanda kota za wafanyakazi zilichorwa kwa nukta nukta, na juu yake pameandikwa: tupu. Kiwanda kilipofungwa wafanyakazi waliagwa kwa hotuba na bendi, kwa hiyo, kwa mujibu wa faili, siku ile ile walihama. Nikamwambia zimo familia arobaini, na dada yangu mkubwa anakaa nyumba ya kumi na nne. Hapo tuliposimama, shuka zao zilikuwa zinapepea kwenye kamba, hatua hamsini kutoka puani pake. Aliziangalia zile shuka. Akaiangalia ramani. Akaiamini ramani.

"Hao kisheria hawapo," akasema, akaikunja.

Jioni ile nikapita kwa dada. Dada yangu ana miaka sitini na mitatu, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimalizia kwenye mashine za kufuma. Mama alipokufa mimi nilikuwa na miaka minane, na huyo ndiye aliyenilea, tena kwa kofi lenye usawa: halikukosa siku na halikuzidi kipimo. Nilimkuta anatia kiraka foronya. Ahadi ya ile karatasi ya siri nikaivunja kabla sijakaa. Nikamweleza yote, mabati, matangi, majani mabichi, nikamwambia ahame kesho, aje kwangu.

Akacheka hadi sindano ikamponyoka. "Nihamie kwa mkeo? Mwanamke anayehesabu vijiko nikishaaga?"

"Dada, hapa wanapafanya shabaha."

"Kiwanda kilitaka kunitoa humu. Halmashauri ikataka kunitoa. Panya nao walijaribu. Sasa zamu ya ndege." Kisha akaacha kucheka. Alisema akitoka tu, mlango utapigwa kufuli siku hiyo hiyo, na yeye hana pengine pa kuitwa pake. Sebule ya mtu si kwake, hata mtu huyo akiwa mdogo wake. Kama ni kufa, afadhali afie mahali anapojua swichi ya taa iko wapi gizani.

Akaokota sindano. "Na paa hilo nani anawapakia?"

Nikajifanya natafuta uzi wake sakafuni.

"Wewe?" Akachoma sindano kwenye foronya. "Mama alibahatika kufa mapema."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njiani ndipo nilipoanza kuyafikiria yale mabati.

Kuna jambo ambalo kila fundi rangi analijua na hakuna msomi anayelijua. Bati jipya halishiki rangi. Lina utelezi wake wa kiwandani, ukipaka juu yake rangi ya mafuta, siku ya kwanza inang'aa, wiki ya kwanza inapendeza, baada ya hapo inabambuka yote kama ngozi ya mtu aliyeungua. Ukitaka ishike, ama uliache bati lipigwe na mvua na jua mwaka mzima, ama ulioshe kwa siki, ulikwangue kwa msasa, kisha ulipake rangi ya kwanza inayopatana na zinki iliyolifunika bati. Mimi hilo nilifundishwa nikiwa na miaka kumi na minne, na aliyenifundisha alitumia mpini wa brashi kichwani ili nisisahau. Kwa siku tisa za Bwana Ramani kazi ile ingewezekana, kama angejua kuuliza. Hakujua. Alikuwa na shahada mbili na hakujua.

Asubuhi yake tukapanda juu. Bwana Ramani alikuwa chini anatukagua. Kijiko akafungua ndoo, akainama ukingoni na kuuliza kwa sauti, "Siki iko wapi?"

"Siki ya nini?" akauliza Bwana Ramani.

Nikawahi. "Ana tumbo, mkubwa. Huwa anakunywa siki kidogo asubuhi."

Kijiko akanitazama. Akageuka akazitazama kota, ambako dada yangu alikuwa anamwaga maji ya kuoshea vyombo. Kijiko ni mtu mwenye maneno mengi kuliko nyama, lakini hapo alishika tumbo, akasema naam, linamsumbua toka juzi.

Tukapaka. Nasema bila haya kwamba sijawahi kupaka paa zuri kama lile. Mstari mweusi niliupiga kwa uzi, umenyooka. Siku ya tisa mkubwa mmoja akaja kwa helikopta kulitazama kutoka juu. Aliposhuka alimpa Bwana Ramani mkono, akasema hata yeye angepiga hapa. Walicheka wote. Kijiko naye akacheka, kwa tabia tu ya kucheka na wakubwa.

Miezi mitatu ikaisha, wakubwa wa dunia wakaongeza siku ishirini na moja za mazungumzo. Hao ndivyo walivyo. Wanaweka siku ya mwisho, kisha wanaweka mwisho wa siku ya mwisho, na kila mara wanakula hotelini. Sisi huku jua likawa kali mchana, baridi ikawa inabana alfajiri, na bati, kama kawaida ya bati, likawa linatanuka na kusinyaa. Siku ya kumi na sita ya nyongeza hiyo ukaja upepo.

Nilikuwa kwa kinyozi habari ilipofika. Televisheni ya nje ilikuwa inaonyesha picha iliyopigwa kutoka juu: paa letu, nusu kijani, nusu linang'aa kama sinia, na vipande vya rangi vimetapakaa hadi barabarani. Tangi moja lilikuwa limeanguka, mtu akaona wazi kwamba ni tangi. Watangazaji walikuwa wanajizuia kucheka. Mtaalamu wao mmoja, mwenye ndevu za kukodi, alisema huenda ni mbinu mpya ya kuchanganya rada. Kinyozi wangu akaafiki, alisema aliwahi kusikia mbinu hiyo. Nikamwambia anyoe.

Dada akanitumia salamu kwa jirani. Vipande vya rangi vimeingia kwenye pipa lake la maji, na kama mimi ndiye niliyepaka basi nije nimchujie.

Siku ya pili nikaitwa ofisini kwa Bwana Ramani. Safari hii mabunda yake yalikuwa sakafuni. Alikuwa amekwisha kumpata fundi mzee mmoja aliyemweleza habari ya bati na siki, kwa hiyo hakuuliza nini kimetokea. Aliuliza kwa nini sikumwambia.

"Uliniambia nipake," nikamjibu. "Hukuniambia ishike."

Akasema naweza kufungwa miaka thelathini. Nikamwambia sawa, aandike. Nilikuwa naogopa, lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu. Ili anifunge angelazimika kuandika kwamba serikali ilijenga mtambo wa uongo, ikaujenga mbele ya nyumba za watu, na kwamba mtu wa darasa la sita alijua kitu ambacho idara nzima haikukijua. Faili la namna hiyo nani angelitia sahihi? Akawa anazungusha kalamu. Baadaye nilikuja kusikia kwamba kwenye sababu waliandika: hali ya hewa.

Akafungua ramani nyingine. Ilikuwa ya mji mwingine, safari ya saa tano kwa gari, na kidole chake kikasimama juu ya maghala ya zamani ya nafaka. Alisema mpango uko pale pale, kinachohama ni mahali tu. Mabati yameshapelekwa. Siki imeshapelekwa, madumu kumi na mawili. Yule fundi mzee atakaa chini anaangalia kila hatua, lakini hana tena miguu ya kupanda juu. Wanataka mkono wangu kwa sababu mkubwa wa helikopta aliusifu ule mstari.

"Na nikikataa?"

"Hukatazwi." Aliongea taratibu, bila hasira, na hapo ndipo nikajua kwamba si mjinga kwa kila kitu. "Ukikataa hatuna haja ya kuhamisha. Tutakwangua paa la kiwanda na kulipaka upya, na waliocheka watadhani safari hii tumeuficha mtambo wa kweli humo humo. Mafundi wapo. Nyumba ya kumi na nne, sivyo?"

Nikamuuliza nani anakaa karibu na hayo maghala.

Akaitazama ramani. "Pameandikwa tupu," akasema, na hata yeye hakuinua macho.

Kwa dada nilipita kuchuja maji ya pipa, nikamwambia nimepata kazi mji wa mbali. Aliuliza kazi gani. Nikasema mapaa. Hakuongeza swali. Alinifungia mkate kwenye gazeti, ilhali kwa miaka yote niliyomjua yeye haachi kitu bila kukiuliza mara tatu.

Huko mimi na Kijiko tuliyaosha mabati kwa siki mpaka mikono ikachubuka. Tukapiga msasa, tukapaka rangi ya kwanza, tukaiacha ikauke siku mbili kamili. Fundi mzee alikaa kwenye kiti chini, anasema vizuri, vizuri. Kijiko siku zote hizo hakutania hata mara moja. Nilijikuta naulinda ule ufundi wangu kwa ubishi, nafuta tone lililochuruzika kama vile kuna mtu atakuja kulikagua kwa kidole, wakati watakaolikagua wako juu ya mawingu na wanatafuta pa kuangushia.

Ukuta wa ghala ulipakana na ua wa nyumba. Siku ya nne mama mmoja wa makamo akatoka na beseni la nguo, akaanza kuanika. Alikinga macho kwa kiganja akatutazama juu.

"Fundi," akaita, "hilo ghala la panya mnalipambia nani?"

Kijiko akaacha kupaka. Fundi mzee naye akageuza kichwa kwenye kiti chake.

"Wanataka kuhifadhi mahindi, mama," nikasema.

"Afadhali," akajibu. "Labda watatuletea na taa." Akabana shuka ya mwisho kwenye kamba, akaingia ndani.

Nikachovya brashi, nikaupima uzi wa ule mstari mweusi, nikaanza kupaka mkono wa pili wa rangi.