Mlango wa Papa Wilfried

"Hii njo ya kila muntu," mama alisema, yaani ndilo shairi la mtu yeyote, akanirudishia karatasi.

Haikuwa ya kwanza kurudi. Nilikuwa nikifundisha ushairi sekondari hapa Kalemie, kando ya ziwa, na maneno hayakuwahi kuninyima kitu. Lakini ziwa lilikuwa limepanda likameza mtaa wetu wa chini, pamoja na nyumba ambayo marehemu baba, Papa Wilfried, aliijenga kwa mikono yake. Mama alitaka shairi la kusomwa kwenye misa ya waliohamishwa na maji. Niliandika huzuni. Niliandika machozi, jeraha, giza. Kila neno lilioza kama dagaa walionyeshewa na mvua kabla ya kukauka.

"Sema basi, Mama, unataka nini."

"Kama ningejua kusema, ningekuomba wewe?"

Nikatupa kalamu. Mama akatoka kuanua nguo, na aliporudi akainama mlangoni. Nyumba tuliyopanga huku kilimani ina mlango mrefu. Hata yeye, aliyewapita wanawake wengi kwa urefu, haufikii. Baba alikuwa mfupi. Mlango wake aliupima kwa kimo chake mwenyewe, na mama aliinama chini yake maisha yote ya ndoa.

Nikaokota kalamu.

*Mlango wa hapa ni mrefu.*
*Mama anaingia ameinama.*

Papa Christophe, mkubwa wa kamati ya misa, alisoma akakunja uso. "Na maji iko wapi? Haukutaja ziwa. Watu hawatasikia."

Nilimweleza. Nikamweleza tena. Alitikisa kichwa kwa upole, na upole ule ndio ulionichosha. Nikaongeza mstari: *Nyumba yake imelala chini ya ziwa.*

Kanisani watu walipiga makofi. Mama hakupiga. Sijui ni kipi kiliniudhi zaidi.

Tulipokuwa tukipanda kilima kurudi, akasema, "Soma tena."

Nikasoma kwa kinyongo. Mstari wa pili ulipoisha, kiganja chake kikaniziba mdomo, kikinukia sabuni ya kufulia.

"Njo hapo," alisema.

Miaka imepita. Papa Christophe bado hulisoma shairi lote kila misa ya kumbukumbu, kwa sauti kubwa, akivuta neno "ziwa". Mama husikiliza mistari miwili, kisha hujifunga kitenge vizuri na kutoka nje. Mimi hubaki kwenye benchi. Shairi ni langu.