Paneli Iliyovishwa

Baba yangu ni fundi cherehani mstaafu, na ana ugonjwa mmoja ambao hospitali hawakuuona: hawezi kuvumilia kitu kikae uchi. Redio ameishonea koti. Rimoti ina gauni lake, chupa ya chai ina sweta. Hata mashine ya oksijeni, ile ndogo inayompa pumzi tangu mapafu yaanze kumgomea, aliishonea koti likaziba matundu ya hewa, tukalivua ikiwa imeshaanza kuchemka. Nilimfokea siku ile. Alinitazama tu akasema, "Kiberiti, punguza moto." Ndilo jina aliloniita tangu utotoni, na sijawahi kulikana.

Kwa ajili ya mashine hiyo nilinunua betri kubwa na paneli ya sola ya kukunja. Umeme wetu una tabia ya kuondoka bila kuaga. Kila ukiondoka tunaitandaza paneli barazani, betri inakula jua, mashine inaendelea kunguruma na Baba anaendelea kunung'unika. "Kitu kizuri hivi kinaachwa juani kibabuke," husema.

Safari ilikuwa ya kwenda kwa shangazi, dada yake mkubwa, ambaye kwake umeme haujafika. Baba alitaka waonane mara moja zaidi wangali hai wote wawili. Daktari alikubali kwa shingo upande, mradi mashine isizimike njiani. Betri tuliijaza nyumbani, lakini isingefika peke yake, na tundu la umeme la gari lilikufa zamani. Kwa hiyo paneli ingefungwa juu ya keria, waya upite dirishani, jua litujazie betri huku tunakwenda.

Tuliondoka kabla hakujapambazuka. Mume wangu alifunga paneli gizani. Baba alitoka amevaa sweta kuukuu, yeye ambaye hajawahi kusafiri bila suti yake nyeusi. Nikamuuliza suti iko wapi.

"Iko kazini," akajibu. Nikaona ni utani wake wa kila siku, nikamfunga mkanda.

Jua lilipokuwa utosini, katikati ya barabara ndefu isiyo na hata kibanda, betri ikaanza kulia. Niliangalia kioo chake. Chaji ilikuwa imekaribia kwisha, na upande wa sola palikuwa na sifuri kavu. Jua lote lile, na hatukuwa tumepata hata tone.

"Simamisha gari," nikamwambia mume wangu.

Nikapanda juu ya boneti. Ningekuwa mtu wa kuzimia, ningezimia pale pale. Paneli ilikuwa imevishwa. Kitambaa cheusi kimekaa sawasawa kila pembe, kimeshonwa kwa mkono pande zote, hakina kunjo hata moja. Kutoka chini usingejua kama ni kitambaa au ni paneli yenyewe. Waya peke yake ndio ulioachiwa njia, kitundu kimezungushiwa uzi vizuri kama tundu la kifungo.

"Baba, umefanya nini?"

Alijibu kupitia dirishani, maneno yakitoka moja moja. "Vumbi. Si mlisema... ya kutumia... tukifika?"

Nilitaka kulia, nilitaka kumpiga mtu, na mtu mwenyewe ndiye niliyekuwa namwokoa. Ndani ya gari mashine ikazimika. Kimya chake kilinitisha kuliko mlio wowote.

Mume wangu alichomoa kisu. "Nachana," akasema. Nikamzuia, chini ya kitambaa kile kulikuwa na pumzi ya Baba, na kisu kikiteleza tumekwisha. Nikavuta kwa kucha, nikavuta kwa meno. Mshono wa fundi ni mshono wa fundi.

Ndipo nikamwona Baba. Midomo ilikuwa imebadilika rangi na sauti haikuwepo tena, lakini mkono ulikuwa nje ya dirisha. Kidole gumba na cha shahada vilishikana, vikivuta hewani taratibu, kuelekea upande wa kulia. Nimekulia chini ya cherehani yake, mkono ule naujua. Nikapapasa pembeni mwa paneli, nikapata ncha ya uzi iliyoachwa makusudi. Nikavuta. Mshono wote ukafumuka kwa mvuto mmoja, kitambaa kikaanguka, jua likaikuta paneli.

Mume wangu akabonyeza swichi. Mashine ikakohoa, ikanguruma. Tulikaa tukimtazama Baba akivuta hewa mpaka rangi ikamrudia.

Nikaokota kitambaa. Kilikuwa na mfuko. Nikakigeuza, nikaona kwa ndani bitana ya kijivu ninayoijua tangu nikiwa mdogo.

"Umekata suti, Baba? Suti yako?"

"Ningeivaa wapi bila pumzi?" Akapumzika kidogo. "Ule uzi nilikuachia wewe. Kiberiti hana subira ya kufumua."

Nilimwekea kitambaa mapajani. Akaingiza vidole kwenye ule mfuko, akatoa sindano na uzi mweusi, akaanza kurudishia mkono wa koti mahali pake. Shangazi, alisema, hawezi kumkuta na sweta.