Kabla Sijavaa Kiatu cha Pili

Mguu wangu wa kulia ulikuwa ndani ya kiatu, wa kushoto ungali juu ya mkeka, na binti yangu alisimama mbele yangu kama mtu aliyeishiwa maneno.

"Sema," nilimwambia. "Nikivaa cha pili, nakwenda zangu ibadani."

Binti yangu ni mtafiti wa viazi. Mara mbili aliandika ombi la ruzuku ya watafiti chipukizi, mara mbili likakataliwa. Hii ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mwakani angekuwa ameupita umri wanaouita uchipukizi, na shemeji yake alishamwekea kiti nyuma ya kaunta ya duka lake la rangi. "Rangi nayo ni kemia," alisema shemeji, akacheka peke yake.

Ndipo wakaanza kukutana kwangu, yeye na wenzake wawili: kijana anayetafiti mbu, ambaye tulimwita Mbishi, na dada mmoja mpole anayechunguza maji ya visima. Sheria yao ilikuwa moja. Aliyeandika anafunga mdomo, wengine wanasema walichoelewa. Asubuhi ile mwanangu alikaa amebana midomo kama anayetolewa mwiba.

"Dada, nimesoma kurasa tatu," alisema Mbishi. "Umenieleza habari za kiazi tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Umeshukuru watu mpaka mlinzi wa maabara. Sasa unataka nini? Sijui!"

"Kipo ukurasa wa nne," alisema yule wa visima, taratibu. "Mstari wa mwisho."

Nilikuwa jikoni nasuuza vikombe. Kimoja kikabaki mkononi. Mstari wa mwisho: huyo alikuwa marehemu baba yake mtupu. Mume wangu hakuwahi kuomba kitu kabla ya kuulizia nyumba nzima; haja yake aliitoa akiwa ameshaaga, mkono uko kwenye komeo. Hata siku ile tuliyompeleka hospitali asirudi, alimuuliza daktari hali za watoto wa daktari mwenyewe kwanza, ndipo akasema kifua kinambana. Ni adabu nzuri, nami naipenda hadi leo. Ila hao majaji wa ruzuku hawakuwa wameketi sebuleni. Walikuwa mlangoni, wana haraka, na lundo la maombi kwapani.

Basi nikaenda kuchukua viatu vyangu.

"Sema," nilirudia, nikiinamia kile cha pili.

"Mama, unajua wakulima wengi tangu zamani..."

"Vidole vimeshaingia."

"Yaani, kwa kuzingatia kwamba..."

"Kisigino hicho."

"Viazi vinaoza ghalani!" alipaza sauti. "Watu wanalima, halafu wanatupa. Nimepata kuvu anayezuia ule uozo bila dawa yoyote. Maabarani ameweza. Nataka mwaka mmoja nimjaribu kwenye maghala ya wakulima wenyewe. Basi!"

Mbishi akajipiga paja. "Kumbe! Siku zote hizo ulimficha wapi?"

Yule wa visima alikuwa ameshashika kalamu. "Mstari wa kwanza," alisema. "Hivyo hivyo ulivyosema."

Shukrani hazikufutwa, nilihakikisha. Zilihamia mwisho, mlinzi akiwemo.

Siku hiyo nilichelewa. Niliketi nyuma kabisa, nikamweleza Mungu haja yangu bila utangulizi.

Miezi ikapita. Simu iliita nikianika nguo. Tangu ajue kusema, mwanangu hajawahi kuanza mazungumzo nami bila salamu, hata akiwa na homa.

"Wamekubali! Mama, wamekubali yote! Mwaka mzima!"

Nyuma yake nilimsikia Mbishi akipiga vigelegele vibaya, sauti imempasuka. Shuka bichi lilinidondokea begani, nikaliacha lidondoshe maji yake.

Halafu mwanangu akanyamaza ghafla, kama aliyekumbuka kitu alichokiacha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nilimjibu. Nikairudia mara ya pili, kwa niaba ya baba yake.