Bega la Wifi

Kila kampuni mpya iliyofika mjini ilimnyang'anya Mama Pindo mtu mmoja. Haukuwa uchawi. Kampuni ikija huleta oda ya sare, na sare zikiisha kushonwa, mmoja wa walioshona huondoka akiwa amevaa mojawapo. Kiwanda cha rangi kilimchukua mpiga pasi. Kampuni ya malori ikamchukua bwana wa zipu, ambaye hata baiskeli ilikuwa ikimshinda, ikampa kazi ya stoo. Kituo cha kupokea simu za wateja kilipofunguliwa juu ya benki, kikamchukua binti wa vifungo kwa sababu eti ana sauti nzuri. Miaka yote Mama Pindo alikuwa akiiambia sauti hiyo ipunguze makelele.

Asubuhi hiyo redio ilisema mkoa unakua. Viwanda, maghala, maofisi, ajira mpya kila kona. Mama Pindo akasonya, akaizima. Ajira mpya zipi, wakati watu ni walewale, wamenyanyuliwa tu kutoka kwenye viti vyake na kukalishwa kwingine? Mtangazaji angepita hapa dukani akaone cherehani zilizofunikwa vitambaa, halafu arudi kusema vizuri.

Aliyebaki ni wifi yake, dada wa mumewe. Wifi ndiye aliyekuwa mkataji, na duka la ushonaji lisilo na mkataji ni chumba chenye cherehani tu. Kushona, Mama Pindo angeshona hata akisinzia. Kukata kulihitaji macho, na macho yake yalikwisha kumsaliti. Chaki ikipita kwenye kitambaa cheusi au cha buluu, haoni kitu. Wifi akiondoka, mlango unafungwa. Alilijua yeye, alilijua wifi, na mwenye nyumba naye alikuwa ameshaanza kupita mara kwa mara na kuchungulia ndani, akipima kwa macho mahali pa kuweka friji za soda.

Oda iliyokuwa mezani ilikuwa ya kiwanda kipya cha magodoro: ovaroli za buluu, kila mfanyakazi na kipimo chake. Wifi mwenyewe alikwenda kiwandani kuwapima, akarudi, akakata, Mama Pindo akashona. Kijana wa manunuzi angekuja kuzichukua mchana. Kwa vile mpiga pasi alikuwa akila mshahara wa rangi, Mama Pindo alipiga pasi mwenyewe huku akinung'unika, na kila nguo aliyoimaliza aliikunja katikati, bega juu ya bega, kukagua.

Moja ikakataa. Bega la kulia lilikuwa limeshuka upana wa kidole. Akachukua wembe afumue, kisha mkono ukasita. Upande wa mbele ulikuwa umekatwa kulifuata bega hilo, na mgongo vilevile, na kola ilikuwa imekatwa kuikubali ile tofauti. Kosa haliendi kwa mpangilio hivyo. Hapo akalitambua. Kwa kuinamia meza ile na mkasi mzito miaka nenda miaka rudi, wifi alikuwa ameshuka bega la kulia, na mwenyewe hulitania kwamba limekwenda kutafuta sindano chini ya meza.

Angeweza kuikata sawa kama nyingine, na siri yake ingepita. Lakini nani alimfundisha asikate nguo bila kuukumbuka mwili utakaoivaa? Mama Pindo alikaa chini kwa hasira, nguo mapajani.

"Wifi, hebu njoo."

Wifi akaja, futi ya kupimia shingoni.

"Hii ya nani?"

"Ya mfanyakazi wa kiwandani."

"Mfanyakazi gani mwenye bega lako?"

Wifi akaitazama nguo, akatazama sakafu. "Nilitaka tumalize kazi kwanza."

"Tumalize kazi, halafu unimalize mimi."

"Usiseme hivyo, wifi yangu. Wanafungua kitengo cha kushona vifuniko vya magodoro, wanataka mtu wa kusimamia ukataji. Bado sijasaini. Yule kijana ataangalia kazi leo, akiridhika ndiyo nisaini."

"Kwani hapa nimekunyima nini?"

"Hujaninyima. Huna." Wifi alisema bila kupandisha sauti. "Mimi nikiugua, wewe unaninunulia dawa kwa hela ya kula. Mpaka lini? Kule kuna bima. Kuna likizo."

Mama Pindo angependelea atukanwe. Akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa mtu yeyote. "Basi tugawane duka. Nusu yangu, nusu yako."

"Nusu ya nini, wifi?"

Nje gari likasimama.

Kijana wa manunuzi aliingia na beji kifuani na furaha ya mtu anayelipwa kwa wakati. "Hongera sana, mama. Mnachangia ukuaji wa mkoa."

"Mkoa unanenepa," alisema Mama Pindo, "mimi nakonda."

Kijana akacheka, akadhani ni utani. Akaanza kufunua ovaroli moja moja, akivuta mishono, akifungua na kufunga zipu, akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka akaifikia ile. Akaishika mabega, akainyanyua juu kwenye mwanga.

"Hii imeenda upande. Nani amekata?"

"Mimi," alisema wifi.

"Na wewe ndiye tunayetaka kukupa meza ya kukatia?"

"Nimeikata hivyo makusudi. Ni yangu."

"Kila fundi akikosea husema makusudi." Sasa hakuwa akicheka. Akamgeukia Mama Pindo. "Wewe ndiye mwenye duka, mama. Niambie ukweli. Hili ni kosa au si kosa?"

Hakuhitaji hata kudanganya. Angepandisha mabega tu. Angesema, sijui, kukata ni kazi yake. Kijana angeondoka na mashaka yake, wifi angevua futi na kuirudisha kwenye msumari, na kesho duka lingefunguliwa kama jana. Mama Pindo aliitaka kesho hiyo kwa roho yake yote. Aliona aibu kuitaka hivyo, na aibu ikamzidishia hasira. Wifi hakumwomba kitu. Alisimama pale, bega limeshuka, akingoja.

"Ivae," Mama Pindo alimwambia.

Wifi akaivaa juu ya gauni. Mama Pindo akampandishia zipu hadi shingoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akanyoosha kola.

"Inua mkono. Inama. Geuka." Kisha kwa kijana: "Unaona mahali panapovuta?"

Kijana akamzunguka wifi, akaangalia mgongoni, akaangalia kwapani. Ovaroli ilikuwa imemkaa barabara, na bega lenyewe halikuonekana tena.

"Sioni."

"Basi si kosa. Tafuteni mji mzima, kama mtapata mwingine anayekata hivi."

Wifi aliondoka na kijana kwenda kusaini, nguo nyuma ya gari, yeye mbele karibu na dereva. Alitaka kuaga vizuri, akashindwa, akasema tu kwamba mkasi ameuacha mezani. Mama Pindo akamwambia aende, asiwacheleweshe watu.

Alikuwa bado amesimama katikati ya chumba simu ilipoita. Sauti ya mwanamke, changamfu. Walikuwa wanafungua kiwanda cha maziwa nje kidogo ya mji, wafanyakazi wengi, na wameambiwa sare bora zaidi mkoa huu zinatoka kwa Mama Pindo. Oda ilikuwa kubwa. Kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

"Mtatutumia mtu wa kuja kutupima lini?" mwanamke aliuliza.

Mama Pindo akaitazama meza ya kukatia, kisha akatazama cherehani.

"Ulizeni kiwanda cha magodoro," alisema. "Mkataji wangu yuko huko."