Kadi ya Meno ya Esteria

Raheli alipofika nyumbani kwa shemeji yake Timotheo, kikao cha sendofu, sherehe ya kumwaga binti wa nyumba ile, kilikuwa kimeshafika kwenye keki. Watu wazima kumi na wawili, wenye mashamba na wajukuu, walikuwa wanabishana kama keki iwe ya ngazi tano au saba. Raheli akawaamkia wakubwa mmoja mmoja, shikamoo hadi shikamoo, akakaa kwenye stuli ya mlangoni na kuwatazama kama anavyotazama kuku wakigombea pumba.

Yeye alikuwa na jambo moja tu. Binti yake Esteria, wa miaka kumi na minne, meno yake ya mbele yalikuwa yamepandana, na mtoto hacheki bila kuziba mdomo kwa kiganja. Kwaya ya vijana pale usharikani alishaiacha. Daktari wa meno mjini Tanga alisema atamfunga waya na kwa miaka miwili meno yatanyooka. Bei ni milioni mbili na nusu: kianzio laki nane, zinazobaki zilipwe kidogo kidogo kila mwezi. Bima walimjibu kwamba huo ni urembo.

Alipomaliza kueleza, Timotheo alicheka mpaka tumbo likatikisika. Huyu ndiye kaka mkubwa wa marehemu Alen, mume wa Raheli, na tangu mazishi alijiona ndiye mwenye neno la mwisho.

"Shemeji, meno si ugonjwa," alisema. "Mtoto anatafuna? Anatafuna. Sasa tukuandikie laki tatu za sendofu, maana bibi harusi ni mwanao pia."

Wakamwandika, wakarudi kwenye keki.

Raheli alishuka kwake Soni roho ikimchemka, akamsimulia Esteria kikao chote. Mtu aliyemlipa mshereheshaji laki saba ili apige kelele kwenye spika ndiye anayemfundisha yeye mambo ya urembo! Nyani haoni kundule. Akawapitia wote kichwani, wake za mashemeji na mawigi yao, waume zao na suti za kuazima, asimwone hata mmoja wa kumpa nusu ya heshima aliyompa ng'ombe wake.

Na ng'ombe huyo hakuweza kumuuza, kwa sababu maziwa yake ndiyo yaliyomsomesha Esteria. Mkopo wa kikoba, chama chao cha kuweka na kukopa, nao ungekula karoti zote za bustani yake kabla hazijang'olewa. Kilibaki kile kipande cha shamba alichoacha Alen kule Mlalo, ila kukiuza kulitaka saini ya Timotheo, na kuliko kumwomba Timotheo saini, Raheli alikuwa radhi ale majani.

Ndipo alipokumbuka kopo la biskuti lililo chini ya kitanda. Ndani yake zilijaa kadi za michango ya harusi, kumi na tisa, na zote alizichangia. Kila mtu anajua utaratibu: leo unachanga, kesho unachangiwa. Raheli hakuwa na harusi ya kuandaa. Basi zamu yake ataila kwa meno.

Alipanda Lushoto kwa Aron, mchapaji wa kadi. Aron akamwambia kadi isiyo na picha watu huifungia maandazi. Raheli akampa picha iliyokuwa kwenye simu yake, ile aliyoipiga daktari wakati amemfungua Esteria mdomo mpaka ufizi. Aron akaizungushia maua ya dhahabu kama anavyowafanyia maharusi, na chini akaandika kwamba familia ya marehemu Alen ina furaha kukuomba mchango wako kufanikisha meno ya binti yao Esteria. Nyuma ya kila kadi Raheli aliandika kwa mkono wake kiasi alichomchangia mwenye kuipokea na mwaka wa harusi yake. Salamu hakuweka.

Jumapili alizigawa mlangoni mwa kanisa, kisha akaituma picha ya kadi kwenye kundi la ukoo. Esteria alikuwa nyumbani anasonga ugali, hakuambiwa kitu. Raheli alisimama akiwaangalia wanavyogeuza kadi na kusoma nyuma, nyuso zikiwashuka. Raha aliyoisikia siku ile hakuwahi kuisikia kwenye harusi yoyote.

Na walilipa. Aibu iliwatoa fedha ambazo huruma haikuwatoa, na katika wiki mbili zilifika milioni moja na laki sita. Timotheo alikuwa wa mwisho, akaleta laki tatu ndani ya bahasha, bila kuketi. Ile ahadi ya sendofu haikutajwa tena.

Lakini kabla ya hapo, Jumatatu, siku moja tu baada ya kadi kugawiwa kanisani, Esteria alirudi kutoka shule mapema na kadi mkononi. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Ilizunguka darasa zima kabla haijamfikia.

"Baba mkubwa alinicheka mbele ya watu kumi na wawili," alimwambia mama yake. "Wewe umewaonyesha wote."

Raheli akaanza kumweleza kwamba hela zimeanza kuingia, kwamba wale ni watu wa kukamuliwa, hawana lolote. Mtoto akaingia ndani akafunga mlango. Tangu siku hiyo alikwenda shule amejifunga kitambaa mdomoni, na nyumbani akawa anajibu kwa kichwa. Raheli alitafuta wa kumlaumu. Akamdharau Aron na maua yake, akawadharau watoto wa shule na wazazi waliowazaa, na haikutosha.

Siku ya kufungwa waya walisafiri mpaka Tanga, Esteria na kitambaa chake mdomoni. Daktari akamketisha Esteria kwenye kiti, akavuta taa, akamwambia afungue mdomo. Esteria hakufungua. Daktari akarudia kwa upole. Mtoto akateremsha kitambaa kidogo tu, kiasi cha kupitisha sauti.

"Mama atoke nje kwanza."

Raheli alitaka kusema kwamba yeye ndiye aliyelipa. Akamtazama mwanawe. Akatoka, akakaa kwenye benchi na pochi ya michango mapajani, akageuza kichwa huku na huku, na safari hii hakupata mtu mwingine wa kumdharau.