Opepu

Fundi Vioo alikuwa mwepesi zaidi kuandika kinyume kuliko sawa. Duka la dawa, la nyama, la kinyozi, barabara nzima ile maandishi ya vioo vya mbele ni yake, na yote aliyapaka akiwa ndani, ili mvua na vidole vya wapita njia visiyaguse. Anayepaka kwa ndani huigeuza kila herufi na kuanza na ya mwisho, ili aliye nje asome vizuri. Miaka thelathini na moja amefanya hivyo. Akimaliza, hageuki nyuma wala hatoki nje. Huchomoa mfukoni kioo chake cha kunyolea, akayatazama maandishi mle, na yakisomeka mle basi kazi imekwisha, anafunga kopo.

Sasa binti yake wa mwisho, ambaye kwa mbio zake wenzake walimwita Upepo, aliitwa kikosi cha kwanza cha hoki. Miaka miwili alikuwa akikaa benchi na kuwashikia wenzake chupa za maji. Alirudi nyumbani na karatasi ya kocha, akaisukuma chini ya chupa ya chai kama mtu anayeficha barua ya kufukuzwa shule. Kila mchezaji ajitafutie jezi ya bluu, jina na namba mgongoni, asiye nayo Jumapili hachezi. Mama yake aliisoma, akamtazama mumewe. Bei za jezi za dukani zilikuwa hazishikiki, hilo halikuhitaji kusemwa.

"Mtoto wa fundi hanunui maandishi," Fundi akasema, na akalirudia neno hilo kwa dobi wa jirani, kwa kinyozi, na kwa kila aliyekuwa na masikio.

Wakaanza kazi Jumamosi baada ya chakula. Fulana ya bluu ilitoka kwenye rundo la mitumba, na kifuani ilikuwa na nembo ya ng'ombe. Mama mtu aliifumua uzi kwa uzi kwa ncha ya wembe, kisha akakata shuka kuukuu na kushonea mistari myeupe ubavuni, mmoja ukapinda kidogo kwenye kwapa. Fundi alitafuta kitu kigumu cha kukatia herufi, akapata picha ya eksirei ya mguu wake, ule uliovunjika alipoteleza ngazini. Karatasi ile inaonyesha pande zote mbili, haina mbele wala nyuma. Alikata UPEPO, akakata 14, akatandika gazeti ndani ya fulana rangi isipenye mbele, kisha akagongagonga rangi nyeupe ya kitambaa kwa kipande cha sponji, taratibu, huku anaimba. Ilipokauka akapitisha pasi juu ya kitambaa kizito. Akachomoa kioo cha kunyolea, akatazama. UPEPO. 14. Kingo kali kama zimekatwa na mashine. Akafunga kopo.

Jumapili uwanjani alisimama kwenye kamba na dobi, shati limepigwa pasi, akingoja binti yake avue koti. Koti likavuliwa. Kwanza alicheka golikipa wa timu yao wenyewe.

"Shoga, leo unakwenda au unarudi?"

Upande wa pili wasichana wakainamisha vichwa, wakasoma kwa sauti wanavyoona: O-pe-pu. Mwandishi wa magoli akamuuliza refa aandike kumi na nne au arobaini na moja. Dobi alifungua mdomo, akamtazama Fundi, akaufunga. Hapo ndipo Fundi alipoelewa: mkono wake ulikuwa umeandika kinyume, kama kwenye kioo cha duka.

Kocha alikuja mpaka pale karibu na kamba, hatua mbili tu kutoka kwa Fundi, akamuuliza binti ni nani aliyempakia jezi.

"Nimepaka mwenyewe, kocha. Nilikosea."

Kocha akamgeukia Fundi. "Mzee, wewe si ndiye mwenye kazi hii? Imekuwaje?"

Kilichotakiwa kilikuwa neno moja. Fundi akacheka, kicheko cha mteja anayeomba kupunguziwa. "Watoto wa siku hizi, kocha. Hawaulizi wakubwa."

Binti hakumtazama. Akaokota gongo lake, akaingia uwanjani.

Alicheza vizuri, na hilo ndilo lilimuumiza Fundi zaidi, maana kila alipokimbia na mpira alimpa baba yake mgongo. Watu wakashika jina. Opepu pitisha, Opepu piga. Watoto waliopanda ukutani wakalifanya wimbo. Mechi ikaisha sare.

Fundi alimkuta binti pembeni ya bomba, akifungua kamba za viatu.

"Uliona lini?"

"Asubuhi, baba. Wakati naikunja."

"Mbona hukuniambia?"

"Mama alisema jana umeimba hadi jioni." Akavuta kamba. "Nikaona nitavaa tu."

Fundi alilikaza bomba lililokuwa likidondoka. Halafu akawaendea kocha na wasichana waliokuwa wakigawana machungwa. Alilazimika kuanza mara mbili.

"Ile jezi nimepaka mimi. Siyo mtoto."

Hakuna aliyeshtuka. Golikipa alimwonyesha kwa kidevu vidole vyake mwenyewe Fundi, na Fundi akaona rangi nyeupe kwenye kucha zote kumi.

"Tulijua, mzee," kocha akasema kwa upole. "Mtoto akikosea, anakosea herufi moja. Zile zimegeuka zote na kingo zimenyooka. Ndiyo maana nilikuuliza wewe."

Fundi akaingiza mikono mfukoni. Mle mkono wa kulia ukakutana na kioo cha kunyolea, akausukuma chini ya kioo, kucha zisionekane.

Waliondoka kwa miguu. Binti alitangulia, hakuvaa koti ingawa jua lilikuwa limeshapoa. Baba alipomwambia apunguze mwendo, alipunguza kidogo, lakini hakugeuka. Fundi akamfuata nyuma njia nzima, mbele ya vioo vya maduka aliyoyaandika mwenyewe, akilisoma jina la mwanawe mgongoni. Alijaribu kuliona kama wanavyoliona watu. Hakuweza. Macho yake bado yalilisoma sawasawa.