Kitenge cha Mwezi wa Saba

Hamtaniamini, lakini imetokea hapahapa Wembley, London: mtu aliyekuja kumwokoa Laurette na deni la mume wake wa zamani ni mwanamke anayekaa na huyo mume sasa.

Laurette aliachana na Baudouin mwezi wa tatu mwaka jana. Akahamia chumba cha rafiki yake kule Harrow, bila mkataba. Benefit, ile pesa ya msaada wa serikali, ilikuwa ya wote wawili, inaingia akaunti ya Baudouin.

"Nitawaambia ofisi umeondoka," Baudouin akasema. "Usijisumbue."

Hakuwaambia. Wala hakuwaambia kwamba amepata kazi ya ulinzi.

Mwaka huu barua ikaja: mlizidishiwa, nusu ni yako, pauni elfu moja mia nane, tutakata kwenye mshahara. Laurette anaosha wazee kwenye nyumba ya kulelea. Mshahara wenyewe umeshakatwa na kila mtu. Akajibu kwamba alishaondoka zamani.

Ofisi ikasema tuma ushahidi, mwisho wa kuposti ni Ijumaa, maana Baudouin ametuletea picha kuonyesha mlikuwa bado pamoja.

Picha ya mwezi wa saba mwaka jana, harusi ya Plamedi wa kanisani. Laurette na Baudouin, kitenge kimoja, wamekumbatiana. Siku ile Laurette alikuwa anamficha tu mama yake huko Bukavu kwamba ndoa imekufa. Mama aliamini. Ofisi pia.

Jumapili baada ya ibada, Miradie, anayesali naye kanisa moja, akamfuata kituo cha basi, mtoto mgongoni.

"Dada Laurette, ile barua ya ofisi nimeiona mezani."

"Meza gani?"

"Ya kwangu."

Laurette akatazama basi kama linakuja. Halikuwa linakuja.

"Alihamia kwako lini?"

"Tarehe kumi mwezi wa tatu, mwaka jana. Alikuja na pasi yako ya mvuke."

"Kumbe iko huko."

"Inavuja."

"Hata kwangu ilikuwa inavuja."

Miradie akampa karatasi: *Baudouin anaishi kwangu tangu tarehe hiyo.* Jina, anwani, sahihi. Laurette akaisoma mara mbili.

"Na wewe ofisi wanajua unakaa na mwanaume?"

"Wananilipa wakijua niko peke yangu na mtoto."

"Wakisoma hii watakudai wewe, tena zaidi yangu."

Miradie akampandisha mtoto vizuri mgongoni.

"Peleka tu, dada. Nilivyokuchukulia vinatosha."

Basi likafika. Laurette akapanda na karatasi mkononi. Leo ni Alhamisi, na bado iko kwenye mkoba wake, ndani ya bahasha yenye stempu.

Ungekuwa wewe, ungeituma?